Kiazi Ambacho Hakikuwepo

Kwenye kliniki ile ya mifugo kulikuwa na sheria moja isiyojadiliwa: mdomo wa mnyama ni wa daktari. Mwanafunzi wa kujitolea aliruhusiwa kupima joto, kusafisha kwato, kuchoma sindano ya paja, kuingiza mkono mpaka begani kutafuta mimba, na kurushiwa mavi usoni kila siku ya Mungu. Lakini mdomo, hapana. "Nyuma ni kwenu, mbele ni kwangu," daktari aliwaambia siku ya kwanza, kisha akaendelea kunawa mikono. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kama wengi wa aina yake alidhani kwamba jambo lililo wazi kwake liko wazi kwa watu wote. Wanafunzi walimpachika jina la Bwana Mbele.

Alikosea kutoeleza. Ninalisema hili mapema ili lawama zitakapoanza kugawanywa, kila mtu apate fungu lake.

Binti tunayemzungumzia alikuwa mwaka wa nne wa udaktari wa mifugo. Alikuwa amevuka mipaka kwa ndege, akiwa na buti mpya na koti jeupe lililopigwa pasi hadi likawa karibu kusimama lenyewe. Huko chuoni kwao darasa zima liligawana ng'ombe mmoja mzee, na zamu yako ikifika ng'ombe mwenyewe alikuwa amekwisha choka na elimu. Ndiyo maana alijitolea kwenda mbali. Alitaka kushika wanyama, si picha za wanyama. Baba yake alitangaza safari hiyo ofisini kwake hadi wenzake wakaanza kumkwepa kwenye ngazi. Kabla ya kuondoka, chuo kilimpeleka kuchomwa chanjo ya kichaa cha mbwa, akalalamika wiki nzima kwamba bega linamuuma. Hilo nalo tuliweke akilini.

Kliniki ilimtafutia malazi kwa mjane mmoja aliyefuga ng'ombe watatu na kuwauzia majirani maziwa. Watu walimwita Mama tu, hata waliomzidi umri. Alimpa mgeni wake chumba cha binti yake aliyeolewa mbali: kitanda cha chuma, kioo chenye ufa, kabati lenye droo moja inayofunguka na mbili zilizogoma. Kwenye chumba cha uani aliishi mdogo wake Mama, mwanamume mcheshi asiye na mke, ambaye mtaa mzima ulimwita Mjomba. Mjomba ndiye aliyewapa ng'ombe majina. Yule mkubwa, mwenye maziwa mengi na hasira nyingi zaidi, alimwita Shangazi.

"Kwa sababu gani?" binti aliuliza.

"Akija asubuhi humpendi, asipokuja unalala njaa," Mjomba akajibu, na Mama akamrushia kitambaa cha kufutia meza.

Jioni walikula pamoja jikoni, na hapo ndipo binti alipotoa ya moyoni. Kwamba kila siku anashikishwa ufagio na ndoo. Kwamba juzi aliletwa mbuzi mwenye jino lililooza, naye alipoinama tu atazame, Bwana Mbele alimvuta kwa ukosi wa koti mbele za watu. Kwamba mzee yule ana wivu, anaogopa vijana wasije wakamzidi. Alitia chumvi kidogo hapa na pale, kama tunavyofanya wote tukiwa na njaa na wasikilizaji wazuri.

Mama alisonya. "Mtoto wa watu amevuka nchi na nchi aje kufagia? Mwache. Siku yako itafika, mwanangu. Mimi nakuona, una mikono ya kazi."

"Ila angalia," Mjomba akasema akimega chakula. "Mbele umenyimwa, na nyuma ukigombana naye utanyimwa. Usije ukabaki huna mbele wala nyuma."

Walicheka wote watatu. Binti hakuwahi kupendwa namna ile na watu wasio ndugu zake, na akawapenda vilevile.

Siku hiyo yake ilifika mapema. Bwana Mbele alikuwa amesafiri kufuata dawa mjini. Asubuhi Mama alirudi kutoka bandani na ndoo tupu mkononi. Shangazi hataki kula, alisema. Anatoa udenda mpaka unaburuta chini, ananyoosha shingo kama anataka kumeza na hawezi, na sauti imekauka.

"Jana jioni niliwamwagia viazi vile vidogo vya chini ya gunia," Mama akasema. "Huyu amekabwa na kiazi."

Binti alifika bandani akaona kila kitu kama alivyoambiwa. Udenda, shingo, sauti. Kichwani mwake ulifunguka ukurasa wa kitabu wenye habari za ng'ombe aliyekwamwa na kitu kooni. Ukurasa mwingine, wenye dalili hizohizo na jina jingine la kutisha, nao alikuwa ameusoma na kuufanyia mtihani, lakini haukufunguka. Mtu akishaambiwa kiazi, anaona kiazi.

Alitoa simu ampigie Bwana Mbele. Aliitazama kidogo. Kisha akampa Mjomba.

"Mjomba, nikianza, nipige picha."

Wakamfunga Shangazi kichwa kwenye nguzo. Mjomba akasimama mbali, kamba mkono mmoja, simu mkono mwingine. Mama, aliyezoea kuwanywesha ng'ombe wake dawa, aliukamata ulimi akauvuta pembeni kwa mikono iliyopasukapasuka kwa maji na sabuni ya miaka yote ile. Binti alianza na glavu, ikateleza, akaivua akaitupa. Akaingiza mkono mtupu hadi kwenye kiwiko.

Koo lilikuwa la moto na laini. Alipapasa kushoto, akapapasa kulia, akasukuma zaidi. Hakukuwa na kitu. Shangazi alitikisa kichwa kwa nguvu, Mama akapiga ukelele mdogo kwa sababu meno ya nyuma yalimkwaruza kidole gumba, lakini hakuuachia ulimi.

"Umekipata?" Mama akauliza, uso wake karibu kabisa na wa binti, macho yamemtoka kwa matumaini.

Hapa ningependa kusema kwamba alifikiri sana. Hakufikiri. Mkono ulikuwa ndani, simu ilikuwa inapiga picha, na mtu aliyemwita mwanangu alikuwa anasubiri jibu. Si rahisi kutoa mkono mtupu mbele ya macho kama yale.

"Nimekigusa!" akasema. "Kimeshuka! Nimekisukuma kimeshuka!"

Mjomba akashangilia. Mama akamkumbatia, udenda na yote. Binti alimsafisha kidole kwa spiriti kidogo, akakifunga kwa plasta kutoka kwenye kisanduku alichofungashiwa kwao na mdogo wake, plasta za watoto, za buluu zenye nyota nyeupe. "Mkwaruzo tu," alimwambia. Kabla ya adhuhuri kila mnunuzi wa maziwa alikwisha kuonyeshwa kile kidole na kusimuliwa habari za dokta wa nyumbani aliyeokoa ng'ombe kwa mkono wake. Jioni binti alimtumia baba yake ile picha: yeye na mkono kooni, Mama ameshika ulimi, wote meno nje.

Kesho yake Shangazi aliamka vibaya zaidi. Alinguruma bila kukoma na kujigonga ukutani, na miguu ya nyuma ilianza kumlegea. "Koo limechubuka," binti alisema. "Litapoa." Lakini alipokuwa peke yake chumbani alikaa kitandani na kuutazama mkono wake, na ule ukurasa mwingine ukaanza kufunguka polepole. Aliufunga.

Bwana Mbele alirudi siku iliyofuata na kuusikia mkasa kabla hajashusha mizigo. Alikuja kwa miguu, akasimama mlangoni mwa banda, hakuingia. Alimtazama Shangazi kwa muda ambao mtu angeweza kunywa kikombe cha chai.

"Nani ametia mkono mdomoni mwa ng'ombe huyu?"

"Dokta wangu," Mama akasema kwa fahari. "Wewe ulikuwa hupo."

Bwana Mbele alimchukua binti hadi nje ya ua, na kwa mara ya kwanza tangu afike alizungumza naye kwa kirefu. Mwezi uliopita kuna mbwa aliuawa mtaa wa tatu, aliyekuwa aking'ata kila kitu, mifugo na watu. Ng'ombe mwenye kichaa cha mbwa haumi watu kwanza. Anadondosha udenda na kujikaza kama aliyekabwa, na kila mfugaji anamwona hivyohivyo, kwamba amekabwa, na kila daktari kijana anatia mkono. Yeye mwenyewe alimzika mwenzake kwa ajili hiyo. Ndiyo maana mdomo ni wake.

"Hukutuambia," binti akasema.

"Sikuwaambia," mzee akakubali. "Umechanjwa?"

"Nimechanjwa."

"Utaongezewa sindano. Nani mwingine?"

"Mama. Alikwaruzwa kidole."

"Leo hii hospitali. Yule hajachanjwa, na akianza kuumwa hakuna dawa duniani. Umenielewa? Ikishaanza, hakuna."

Alielewa. Nataka hili lisiwe na shaka: alielewa vizuri sana.

Shangazi alikufa alfajiri. Kichwa kilipelekwa maabara na kiwiliwili kikafukiwa na chokaa, majirani wakaambiwa wamwage maziwa, wale ng'ombe wawili wakatengwa. Majibu yaliporudi yalikuwa yaleyale aliyoyasema mzee. Binti alikuwa amekwisha kwenda hospitali na kuongezewa sindano zake. Mama hakwenda. Siku ya kwanza alisema ana msiba wa ng'ombe. Siku ya pili alisema yuko nani wa kuwaangalia waliobaki. Siku ya tatu binti alimkalisha jikoni.

"Mama, tafadhali. Majibu yamerudi. Ni kichaa cha mbwa."

"Majibu amekuletea nani?"

"Daktari."

"Haya basi." Mama aliendelea kumenya viazi, vilevile vidogo vya chini ya gunia. "Mzee huyo wewe mwenyewe ulisema ana wivu. Ulitenda kazi yeye hayupo, imemuuma, sasa anatafuta ugonjwa wa kukuchafulia jina. Mimi nikienda kuchomwa, mtaa mzima utasema, naam, hata Mama amekubali kwamba yule mtoto alikosea. Siendi. Hukukosea."

"Mama, chanjo haina madhara. Hata kama..."

"Nikuulize kitu kimoja." Mama aliweka kisu chini. "Kile kiazi, ulikigusa au hukukigusa?"

Binti angeweza kusema. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Alimtazama mwanamke yule aliyempa chumba cha binti yake, akautazama uso uliojaa imani naye hadi pomoni, akahisi kwamba akilitoa neno lile uso ule utabadilika na hautarudi tena kuwa ulivyokuwa.

"Nilikigusa," akasema.

"Sasa si umejijibu? Aliyekabwa na kiazi hana kichaa." Mama akachukua kisu chake.

Binti akaanza kulia. Alilia kwa sauti, kama mtoto, akimshika Mama magoti, akisema nenda tu, nakuomba, nenda kwa ajili yangu. Mama alishtuka. Alimfuta machozi kwa upande wa mkono wenye plasta na kusema haya, haya, nyamaza, kesho nitakwenda. Kumbe kulia alikuweza, ila kukiri ndiko kulikomshinda. Mimi nimeona watu wengi wa namna hiyo na bado wananikera.

Kesho yake Mama aliondoka asubuhi akiwa amevaa gauni la kutokea. Alirudi mchana, akapandisha mkono wa gauni na kumwonyesha bega. Hapo begani palikuwa na plasta ya buluu yenye nyota nyeupe.

"Haya, nimechomwa. Umefurahi?"

Binti aliitazama ile plasta. Aliijua. Alijua kisanduku ilimotoka, na droo, ile moja inayofunguka. Kisha akajiambia kwamba labda hospitali ile nayo ina plasta za watoto, au labda Mama alibeba yake mwenyewe kutoka nyumbani, watu wazima wana mambo yao. Angeweza kuuliza aione kadi. Angeweza kuibandua akatafuta tundu la sindano. Alimkumbatia Mama, akalivuta gauni likafunika bega.

Jioni Bwana Mbele alimsubiri kwenye lango la kliniki. "Mama amechomwa? Kama bado, naongea na watu wa afya waje wamchukue nyumbani. Nimekwisha waambia wakae tayari."

"Amechomwa."

"Umeona mwenyewe?"

Alikuwa amechoka kuwa mkosaji. Alitaka kitu kimoja tu katika safari ile kiwe kimekwenda sawa.

"Nimeona," akasema. Bwana Mbele akashusha pumzi na kumshukuru.

Muda wake wa kujitolea ulikuwa umekaribia kwisha. Mama alimsindikiza na chupa ya samli iliyofungwa nguo tatu isivujie koti. "Ukimaliza masomo urudi," alimwambia. "Huyo mzee ataondoka siku moja, na sisi tutakuwa na dokta wetu." Mjomba alimbebea sanduku hadi kituoni, akitania kwamba limekuwa zito kwa sifa.

Nyumbani alikuta baba yake ameikuza ile picha, ameitia fremu na kuitundika sebuleni juu ya kochi, mahali ilipokuwa saa ya ukutani. Kila mgeni aliyeingia alielezwa. Binti alijaribu mara moja kuomba ishushwe, akashindwa kusema sababu, akaiacha. Alikula, alisoma, akafanya mitihani. Kila baada ya siku chache alimpigia Mama, na Mama alikuwa mzima, anacheka, anamwulizia yule mdogo wake mwenye plasta. Kwa kila simu woga ulipungua kidogo. Alianza kulala.

Miezi ilikuwa imepita, na ilikuwa Jumamosi asubuhi, amekaa kwenye kochi lile akikunja nguo, Mjomba alipopiga. Hakutania. Binti alijua kutokana na hilo tu.

"Mama yako hajisikii vizuri. Kidole kile kilianza kumwasha, kinawasha mpaka anakigongesha ukutani. Sasa ana homa. Na maji hanywi. Ukimletea kikombe koo linamkaza, anakisukuma, anatetemeka mwili mzima."

Nguo zilimwanguka binti mapajani. "Mjomba. Mama alichomwa."

"Nani alichomwa? Alikaa kwa jirani hadi saa ya kurudi, akajibandika plasta yako. Aliniambia nisikwambie. Alisema ukilia anaumia. Wewe ulisema ulikigusa kiazi, sisi tukajua basi, hakuna neno."

"Mwite daktari! Mwite Bwana Mbele sasa hivi!"

"Mama amekataa asiitwe. Anakutaka wewe. Ngoja."

Kulikuwa na mkwaruzo wa simu ikibadilishwa mikono, kisha pumzi nzito, na sauti ambayo hakuijua mwanzoni kwa jinsi ilivyokauka.

"Mwanangu."

"Mama. Mama, nisikilize. Hakukuwa na kiazi. Sikugusa kitu. Niliingiza mkono, hakukuwa na kitu, nikasema uongo. Umenisikia? Nilisema uongo!"

Neno lile fupi lilitoka hatimaye, likatoka mara tatu, na halikuwa na kazi tena. Upande wa pili Mama alikuwa akihangaika kumeza mate.

"Wamekusemesha," akasema. "Mimi nilikuwepo. Nilishika ulimi mwenyewe. Usikubali wakuvunje moyo, mwanangu." Akapumzika. "Sasa sikia. Mimi nami kuna kitu kimenikwama hapa kooni. Mjomba wako yuko hapa, amekwisha nawa mikono. Mweleze ulivyokisukuma, anifanyie."

"Mjomba!" Binti alisimama, akapiga kelele hadi baba yake akatoka chumbani mbio. "Mjomba, usimtie mkono! Usimguse mdomo! Mdomo ni wa daktari!"

Akasikia kicheko, kile kicheko cha jikoni anachokijua, kikijaribu kupita kwenye koo lisilopitisha kitu.

"Umemsikia huyu?" Mama alimwambia mdogo wake. "Naye amekuwa kama Bwana Mbele."